Askari wa Plastiki na Kete za Enkeshui: Jeshi Dogo Linavyokula Mtaji

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za mahindi, maharage na mifugo ya minadani, na kuitazama bidhaa ambayo haijazoeleka katika masoko ya Karatu na Loliondo. Nayo ni vijisanamu vya askari wa hadithi za kubuni za kisayansi, ambavyo wanunuzi huviunga kwa gundi, huvipaka rangi na kuvipiganisha juu ya meza kwa kutumia dadu na futi ya kupimia.

Sababu ya kuitazama ni ya kibiashara. Kampuni inayoongoza katika biashara hii, Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ilipata mapato ya pauni milioni 617.5 katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1, 2025. Faida kabla ya kodi ilikuwa pauni milioni 262.8. Kwa lugha ya dukani, katika kila pauni 100 zilizoingia, zaidi ya 42 zilibaki kabla ya mtoza kodi kuchukua chake. Mwenye duka la jumla la sukari au vitenge anafahamu kwamba faida ya namna hiyo haipatikani kwa kupanga mali kwenye rafu na kungoja wateja.

Makala hii inaeleza jeshi dogo la aina hiyo linajengwaje, linagharimu nini, na mfanyabiashara au mwekezaji mdogo wa Oloipiri, Wasso au Karatu ajifunze nini kutokana nalo. Kwa kifupi, muuzaji wa bidhaa hii anapata faida kwa sababu jeshi halimaliziki kununuliwa. Hapo hapo ndipo mnunuzi anapopotezea fedha zake.

ASILI YAKE NI UBAO WA MASHIMO

Mzee wa Kimaasai anayecheza enkeshui hahitaji kueleweshwa sana mchezo wa vita vya mezani ni nini. Enkeshui ina safu mbili za mashimo, na wachezaji wawili hugawa na kutekana kete kwa hesabu. Ni ndugu wa bao la Kiswahili lenye safu nne, mashimo 32 na kete 64. Michezo yote ya ukoo huu ni vita vya akili, ambapo nguvu ya kila upande inahesabika na ushindi unategemea mpangilio.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba Games Workshop ilianzia karibu na hapo. Mwaka 1975 vijana watatu wa London, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake, walianzisha biashara ya kutengeneza mbao za michezo kwa mkono, na miongoni mwazo zilikuwamo mbao za ukoo wa bao. Biashara ya mbao ina kasoro moja ambayo kila fundi seremala anaijua. Mteja akishanunua ubao mmoja uliotengenezwa vizuri, harudi. Ubao unadumu miaka mingi, na kete anaziokota mwenyewe.

Kampuni ilihamia kwenye bidhaa inayomrudisha mteja. Mwaka 1979 ikaundwa Citadel Miniatures ya kutengeneza vijisanamu vya madini. Mwaka 1983 ukatoka mchezo wa Warhammer, wenye wachawi na mazimwi, na mwaka 1987 ukatoka Warhammer 40,000, ambao vita vyake vinapiganwa angani na katika sayari za mbali, miaka maelfu ijayo. Mwaka 1991 mameneja wakiongozwa na Tom Kirby waliinunua kampuni, na mwaka 1994 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la London. Desemba 2024 ikaingizwa katika orodha ya FTSE 100, yaani makampuni 100 makubwa kuliko yote katika soko hilo.

Mageuzi yenyewe yalikuwa haya. Katika enkeshui kokoto yoyote ni kete. Katika Warhammer, askari anayekubalika kwenye mashindano rasmi ya kampuni ni askari wa kampuni. Kampuni inabuni kijisanamu, inachonga kalibu, inamimina plastiki katika viwanda vyake Nottingham, inaandika kanuni na hadithi, na sehemu ya mali inaiuza katika maduka yake yenyewe. Hakuna dalali mwenye nguvu ya kumbana bei katikati ya njia.

JESHI DOGO LINAHESABIWAJE

Katika mchezo huu ukubwa wa jeshi haupimwi kwa idadi ya askari. Kila kikosi kina thamani yake kwa pointi, na wachezaji hukubaliana kiwango kabla ya kuanza, kama watu wawili wanavyokubaliana kiasi cha dau. Katika toleo la 10 la Warhammer 40,000, lililotoka Juni 2023, mchezo kamili ni wa pointi 2,000 na mchezo mfupi ni wa pointi 1,000. Chini yake kuna mchezo wa kuanzia uitwao Combat Patrol, ambao hauna hesabu ya pointi: unafungua boksi moja lililopangwa na kampuni, na vilivyomo ndani ndivyo jeshi lako. Chini zaidi kuna Kill Team, wenye kikundi cha askari wachache wanaopigana katika uwanja wa inchi 30 kwa 22, eneo linaloenea juu ya meza ya kawaida ya nyumbani.

Anayeanza ajenge kwa ngazi. Kwanza achague kamanda mmoja, kwa kuwa jeshi haliruhusiwi kukosa kiongozi. Pili, kikosi kimoja cha askari wa kawaida wa kushika maeneo, kwa sababu katika mchezo huu pointi nyingi za ushindi hutokana na kushika sehemu zilizowekwa alama uwanjani kuliko kuua maadui. Tatu, kikosi kimoja cha kazi maalumu: chenye silaha nzito, au chenye kasi. Baada ya hapo asimame na acheze michezo kadhaa kabla ya kutoa shilingi nyingine.

Uchaguzi wa aina ya jeshi ni uamuzi wa fedha kabla ya kuwa uamuzi wa mapenzi. Yapo majeshi yenye askari wengi dhaifu, kama Orks na Astra Militarum, na yapo yenye askari wachache wenye nguvu, kama Adeptus Custodes. Kwa pointi zile zile 1,000, jeshi la kwanza linadai vijisanamu vingi mara kadhaa kuliko la pili, na kila kijisanamu ni gundi, rangi na saa za kazi. Mwenye mtaji mdogo na muda mfupi achague askari wachache.

HESABU YA DADU

Mwekezaji anayezoea kukisia faida na hasara ataipenda sehemu hii. Tuseme askari wako wamefyatua risasi 10. Kila moja inagonga kwa dadu ya 3 au zaidi, yaani nafasi 4 kati ya 6. Kati ya 10, wastani wa risasi 6.7 zitagonga. Zinazogonga zinajeruhi kwa 4 au zaidi, yaani nusu, hivyo zinabaki 3.3. Adui mwenye deraya nzuri anajiokoa kwa 3 au zaidi, kwa hiyo theluthi moja tu ya majeraha inampata. Mwisho wa hesabu ni jeraha 1.1 kwa risasi 10.

Mchezaji mgeni huziona risasi 10 akadhani ameua 10. Mzoefu anajua ameua mmoja, au hakuua hata mmoja ikiwa adui mwenyewe anastahimili majeraha mawili kabla ya kuanguka. Ni kosa lile lile la mchuuzi anayepiga hesabu ya mbuzi 10 kwa bei ya juu ya mnada, akasahau ushuru, usafiri, na mbuzi wawili watakaorudi bila mnunuzi. Wastani hupatikana kwa kuzidisha vikwazo vyote, siyo kwa kutazama tarakimu ya kwanza.

GHARAMA HADI OLOIPIRI

Bei iliyoandikwa kwenye boksi ni mwanzo tu wa gharama. Boksi likitoka Uingereza linabeba nauli ya kimataifa, ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ambayo hukokotolewa baada ya ushuru na nauli kujumlishwa. Likifika Arusha bado lina safari ya Makuyuni na Mto wa Mbu, kisha ama Karatu na kupita hifadhini, ama Engaruka na Ziwa Natron hadi Wasso, ndipo lifike Oloipiri. Zaidi ya hapo kuna vifaa: koleo dogo la kukatia, kisu chembamba, msasa laini, gundi ya plastiki, brashi mbili au tatu na rangi.

Tuchukue mfano wa kufundishia, tarakimu zake ni za kukokotolea tu. Mnunuzi ametenga Sh 400,000. Vijisanamu 10 vinachukua Sh 200,000, nauli na kodi Sh 100,000, rangi na vifaa Sh 80,000, na akiba Sh 20,000. Boksi lilimwambia kila askari ni Sh 20,000. Hesabu halisi inasema Sh 40,000, mara mbili ya hapo. Na hiyo ni ikiwa atawamaliza wote 10. Akimaliza wanne na sita wakabaki kwenye fremu, kila askari aliyekamilika amemgharimu Sh 100,000.

Kipimo sahihi basi ni gharama kwa askari aliyekamilika, na siyo bei ya boksi. Wapenzi wa mchezo huu duniani kote wana tatizo moja sugu: marundo ya plastiki ya kijivu ambayo haijaguswa. Mnunuzi wetu akivutiwa na punguzo akaleta maboksi matatu kwa mpigo, akakamilisha moja, basi Sh 400,000 kwa bei ya boksi peke yake imelala kabatini. Mwenye duka anaita hali hiyo mtaji mfu. Punguzo linakuwa na faida pale tu bidhaa inapotumika.

Hapa bao la Kiswahili linatoa funzo zuri. Mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, na 22 zinabaki ghalani. Katika hatua ya namua huingiza kete moja moja, kila mara akitazama mchezo umefikia wapi. Ghala likiisha ndipo huingia hatua inayofuata, ambayo wachezaji huiita mtaji. Mnunuzi wa jeshi la plastiki afuate mwendo huo huo: kikosi kipya kiingie baada ya kilichotangulia kukamilika na kuchezwa.

RANGI NDIYO KAZI

Kijisanamu hutoka kiwandani kikiwa vipande vilivyoshikana na fremu. Mnunuzi hukata vipande, huparua mabaki ya kalibu, huunga kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo na kuifanya ishikane, kisha hupaka rangi ya chini ili rangi za juu zikamate. Hufuata rangi kuu za nguo na deraya, halafu maji ya rangi nzito yanayotiririka kwenye mikunjo na kuonyesha vivuli, halafu brashi iliyokaushwa rangi inayopita juu ya kingo na kuzing'arisha. Mwisho ni vanishi na mchanga wa kitako. Rangi iwe ya maji. Thina ya rangi za mafuta inaweza kuharibu plastiki.

Njia ya kubana muda ni ya kiwandani. Askari watano hupangwa mstari mmoja, rangi moja hupakwa kwa wote, kisha inayofuata. Kupaka mmoja mmoja hadi mwisho huchosha mkono na kupoteza rangi iliyokwisha kuchanganywa. Kazi hii ina malipo yake ndani ya kanuni: katika mashindano ya Warhammer 40,000 ya toleo la 10, jeshi lililopakwa kwa kiwango kinachotakiwa lilipewa pointi 10 kati ya 100 kabla hata ya dadu kurushwa.

Tanzania si mgeni wa brashi nyembamba. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam mtindo wa uchoraji kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za bei nafuu, na mtindo wake ungali unauzwa katika maduka ya njia ya watalii. Wamakonde wanachonga mpingo, na Wakisii wa Tabaka, Kenya, wanachonga sataranji nzima kwa mawe laini yanayochimbwa kwao. Katika nchi ambako mchezo huu umeshika mizizi, wapo wachezaji wenye fedha na wasio na muda ambao hulipa mafundi wawapakie majeshi yao. Kwa fundi hiyo ni biashara isiyohitaji kununua jeshi, kwa kuwa mali ni ya mteja na fundi anauza mkono wake. Ugumu wake uko katika nauli ya kwenda na kurudi, na katika kuaminika kwa tarehe.

NJIA YA KETE ZA BURE

Anayetaka mchezo bila gharama hizo hakufungiwa mlango. Kampuni ya One Page Rules hutoa kanuni za msingi za mchezo wa vita vya kisayansi uitwao Grimdark Future bila malipo, na inaruhusu kijisanamu chochote. Mwaka 2021 Joseph McCullough alitoa kitabu cha Stargrave, ambacho mchezaji anaongoza kikundi cha watu wapatao 10 wa chombo cha angani, nacho pia hakimlazimishi kununua askari wa kiwanda fulani. Vijisanamu vya mbao, vya udongo, au vya waya vilivyosokotwa na vijana wa kijijini vinafaa, mradi ukubwa ulingane na wachezaji wakubaliane.

Hata mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyetunga mwaka 1898 hadithi ya viumbe wa Mars kuivamia dunia, alipotoa kitabu cha kanuni za vita vya mezani mwaka 1913 alitumia askari wa kuchezea wa madukani, pamoja na vitabu na vipande vya mbao kama majengo. Mchezo kama mchezo hauhitaji chapa. Chapa inauza kitu kingine: uhakika kwamba utakayemkuta mahali pengine atakuwa na jeshi la kanuni zile zile.

JE, NI KITEGA UCHUMI?

Wasomaji wengine watauliza kama jeshi lenyewe ni mali ya kuhifadhi. Jibu la ukurasa huu ni hapana. Pointi za vikosi hurekebishwa mara kadhaa kwa mwaka, na kikosi kilichokuwa tishio jana kinaweza kuwa mzigo leo. Matoleo mapya hutoka kila baada ya miaka michache na vitabu vya zamani hupoteza kazi. Vijisanamu vya zamani huhamishiwa katika orodha ya wastaafu ambayo mashindano mengi hayaitambui. Zaidi ya hayo, mali huuzika kwa bei nzuri pale tu penye wanunuzi wengi. Mwenye ng'ombe wa kuuza anaujua mnada wake ni siku gani. Mwenye jeshi la plastiki wilayani Ngorongoro hana mnada.

Hisa za kampuni ni suala tofauti. Kampuni ina desturi ya kuwagawia wanahisa fedha inazoona ni ziada ya kweli, na hilo limewapendeza wengi. Lakini mwekezaji mdogo akumbuke mambo matatu. Kwanza, hisa iliyopanda sana imekwisha kubeba matumaini ya wengi ndani ya bei yake. Pili, mapato ya leseni, yanayotokana na michezo ya kompyuta ya makampuni mengine, hupanda mwaka mmoja na kushuka mwingine. Tatu, gawio la pauni kwa mtu anayetumia shilingi lina hatari ya kubadilika kwa fedha, na ununuzi wa hisa za nje una masharti yake. Aonane kwanza na dalali mwenye leseni na benki yake.

FUNZO KWA SOKO LETU

Muuza vinyago wa Karatu humuuzia mtalii twiga mmoja, na mtalii hupanda ndege. Mauzo yamekwisha. Wale vijana wa London walikuwa na tatizo hilo hilo na mbao zao mwaka 1975. Walilitatua kwa kuuza kitu kinachodai mwenzake: askari anadai kamanda, kamanda anadai kikosi, kikosi kinadai rangi, na vyote vinadai rafiki wa kucheza naye ambaye naye atanunua.

Mchongaji anayeuza enkeshui au bao kwa wageni anaweza kujiuliza swali hilo bila kumwiga mtu. Je, ubao unakwenda na karatasi ya kanuni iliyoandikwa kwa lugha ambayo mgeni anaielewa? Je, mgeni amefundishwa kucheza kabla ya kuondoka, ili akifika kwao amfundishe mwingine atakayetaka ubao wake? Mgeni asiyejua kucheza amenunua pambo la ukutani, na pambo halimtafutii fundi mteja wa pili.

Kwa upande wa mnunuzi, ukurasa huu unashauri hivi. Weka kikomo cha fedha kabla ya kufungua boksi la kwanza. Anza na kikundi kidogo. Hesabu gharama kwa askari aliyekamilika, na usinunue kikosi cha pili wakati cha kwanza kingali kijivu. Mwenye kokoto 48 na mashimo yaliyochimbwa ardhini chini ya mgunga ana mchezo kamili tayari, na hajatoa hata senti moja. Anayetaka kulipia zaidi ya hapo ajue kabisa ni nini anachokilipia.